Mraba Mweusi Kifuani mwa Mama Mkubwa

Tulimzika Shangazi Namwinga kule Ndalambo, pembeni ya shamba la kaka yake, mchana wa vumbi ambapo mchungaji alilazimika kuishika Biblia kwa mikono miwili ili upepo usimfunulie kurasa. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu marehemu. Walisema alikuwa mpole, mcheshi, mtu wa kujitoa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na wanawake, ubavuni mwa mama yangu mkubwa Melina, aliyekuwa wifi yake, nikisikiliza kama vile wanamzungumzia mtu nisiyemjua. Namwinga niliyeishi naye Tunduma mwaka ule hakuwa mpole. Alikuwa mwanamke wa kuchungulia. Tangu wakati huo nimebeba swali moja juu yake, na kila tulipokutana kwenye harusi au msiba nilijiambia leo nitamuuliza, kisha tukala, tukacheka, tukaagana. Sasa walikuwa wanamshindilia udongo. Mama mkubwa aligeuka akanitazama. Ni mzee sasa, kope zake zimekuwa nyeupe. "Unawaza nini, Subilaga?" Nikamwambia siwazi kitu. "Unawaza ya wembe," akasema, akarudisha macho kaburini.

Alisema kweli. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Ileje nangoja, bila hata kujua nangoja nini, ilipokuja habari kwamba Mama mkubwa amerudi kutoka Dar es Salaam na anahitaji mtu mwenye mikono. Ndivyo ujumbe ulivyosema: mtu mwenye mikono. Alikuwa na mgahawa wake Tunduma, nyuma ya pale malori yalipopangana kungoja kuvuka kwenda Zambia: ukumbi wa mabanzi ulioezekwa mabati, jiko la nje chini ya turubai, na vyumba vya kulala kwa nyuma. Madereva walikula hapo ugali kwa maharage na wali wa Kamsamba kwa samaki, na wale wa ng'ambo walidai majani yaliyoungwa karanga, wakimwita Bamayo, yaani mama, kwa heshima huku wakiramba vidole. Nilimkuta amekaa kitandani, mkono wa kushoto ameulaza juu ya mto kama anayembembeleza mtoto. Titi la upande huo halikuwapo. Lilikuwa limekatwa hospitalini Mbeya, kisha akapelekwa Dar kupigwa mionzi, na sasa alikuwa amerudi na mfuko wa plastiki wenye kopo la mafuta ya mgando, bendeji za kuvutika, na maagizo kibao kichwani.

"Kansa wameishughulikia wao," aliniambia kabla hata sijafungua mzigo wangu. "Hii iliyobaki ni kazi yangu na yako." Kisha akanieleza, akinikazia macho kuona kama ninashika. Huko Dar kulikuwa na dada mmoja aliyewafanyisha wagonjwa mazoezi, naye alimwambia kwamba mionzi haimalizi kazi yake siku unayoruhusiwa kwenda nyumbani. Nyama iliyopigwa mionzi huweza kukakamaa polepole kama ngozi iliyowambwa juani. Bega linaweza kufunga. Mkono unaweza kujaa maji, kwa kuwa njia za maji kule kwapani zimekatwa na kuungua, na hilo linaweza kuja baada ya miezi au hata miaka, mtu akiwa ameshasahau. Kwa hiyo mkono ule usinyanyue kizito. Usiungue, usichomwe mwiba, usipigwe sindano, usichanjwe. Usivalishwe bangili ya kubana. Upakwe mafuta kwa kiganja laini, kuanzia vidoleni kwenda juu, bila kukandamiza, kama unampangusa mtoto machozi. Na kwa kuwa ni upande wa kushoto, wakati wa kumpiga mionzi walikuwa wameweka vipande vya risasi kuukinga moyo, lakini hata hivyo, akipanda mlima akakosa pumzi, au akipata kikohozi kisichokwisha, aende akamwambie daktari wala asikae nacho. "Hata nikipona kabisa," alisema, "nisiache. Alinishika kidevu akaniambia hivyo, yule dada. Usiache, mama."

Zoezi la kwanza la kila asubuhi lilifanyika ukutani. Alisimama kando ya kitanda, akaweka vidole vya mkono wa kushoto juu ya ubao usawa wa kiuno, akavitembeza kwenda juu, taratibu, kama buibui mzee. Vilipogoma, aliuma meno, akasogeza kidogo tena, kisha mimi nikaweka alama ya mkaa pale vilipoishia. Mwanzo alama zilikuwa chini ya bega. Baadaye zikafika usawa wa kidevu, kisha pua. Chumba kile nakikumbuka vizuri kuliko chumba chochote nilicholala maishani: harufu ya mafuta ya mgando na vitunguu vya jikoni, mwanga ukiingia kwa mistari katikati ya mabanzi, na ile ngazi ya mkaa inayopanda ukutani. Leo hii wanafunzi wa uuguzi wanafundishwa mambo hayo darasani na wanayaita kwa majina marefu. Sisi hatukuwa na majina. Tulikuwa na mkaa.

Wakati huo Tunduma ilikuwa na hofu yake. Watu walikuwa wanasema kuna wanaochuna ngozi za binadamu na kuzivusha mpaka. Kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyechunwa, ingawa hakuna aliyewahi kunionyesha kaburi. Wanawake hawakwenda visimani peke yao. Mgeni akimtazama mtoto mara mbili, alifuatwa. Madereva waliokula kwetu waliinamishiana vichwa na kunong'onezana juu ya sahani, na nilipofika na mchuzi wakanyamaza, nami nikawa najiuliza kama wananificha mimi au wananikinga. Nami nilikuwa nimetoka milimani, mahali ambapo mgeni hukaribishwa kwanza ndipo aulizwe. Tunduma ilinifundisha kuanza na kumuuliza.

Kwa hiyo Shangazi Namwinga alipofika, nilianza na kuuliza. Aliletwa na kaka yake, baba yangu mkubwa Jailos, ambaye alikuwa dereva wa lori la kwenda Kongo na nyumbani alionekana kwa nadra. "Amekuja kusaidia," alisema Baba mkubwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho yasiyotulia, na alikuja na karanga na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Siku ya kwanza aliosha sufuria zote bila kuombwa. Siku ya pili nilimkuta chumbani kwa Mama mkubwa, peke yake, amesimama mbele ya ukuta, akipitisha kidole juu ya alama za mkaa. "Hizi mnahesabu nini?" akaniuliza. Nikamwambia ni mazoezi ya mkono. "Mkono unaandikiwa ukutani?" akasema, akatoka. Jioni hiyo nilipotaka kulichukua lile kopo la mafuta nikalikuta limefunguliwa, na ndani yake kuna alama ya vidole vitatu vinene kuliko vyangu. Nikamwambia Mama mkubwa. Akacheka. "Labda ngozi yake imekauka, mwanangu." Mimi sikucheka. Kuanzia siku hiyo kopo lililala chini ya mto wangu.

Alichungulia bafuni pia. Bafu letu lilikuwa la mabati, nami ndiye niliyemwogesha Mama mkubwa, kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini, bila sabuni pale kifuani. Pale palikuwa na mraba. Sijui namna nyingine ya kuusema: mraba mweusi tii, wenye kona, kuanzia mfupa wa kifua hadi kwapani, ngozi imeiva na sehemu nyingine imeambuka ikaacha wekundu. Kwenye kona kulikuwa na vidoti vya bluu vilivyochomwa kwa wino ili mashine ielekezwe mahali palepale kila siku, na mabaki ya mistari ya zambarau ambayo huko Dar alikatazwa kuifuta mpaka amalize. Siku moja nammwagia maji, nikaona jicho katika tundu la msumari kwenye bati. Niliacha kata ikaanguka, nikazunguka mbio. Shangazi alikuwa ameinama anaokota kuni ambazo hazikuwapo. "Unatafuta nini, Shangazi?" "Jogoo," akasema. Jogoo tulikuwa tumemla Jumapili.

Kisha nikamsikia yeye na kaka yake. Ilikuwa alasiri ya mvua, wateja hawakuja, nami nilikuwa nachambua maharage ukumbini upande wa pili wa ubao. Baba mkubwa alikuwa amerudi kutoka safari na walidhani mvua ya mabati inawaficha. "Umepaona?" aliuliza yeye. "Nimepaona," alijibu dada yake. "Pakoje?" "Pameungua, kaka. Kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Na pana alama za kalamu, kama za fundi cherehani anapotaka kukata." Baba mkubwa akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Sasa atapona, au tunadanganywa?" Namwinga akasema, "Mimi ndiye ninayetaka kujua hilo kuliko wewe." Nilishika punje ya haragwe mkononi mpaka ikapata joto. Kwa nini atake kujua kuliko mume? Nilipata jibu upesi, kwa kuwa nilikuwa nalitafuta: mgahawa. Mama mkubwa akifa au akiwa kilema, dada wa mume yupo tayari, anazijua sufuria zote. Nilianza kumfuatilia. Niliona kwamba kila alipoenda sokoni alichelewa. Siku moja nikamfuata kwa mbali, akavuka upande wa Nakonde kama watu wote tulivyovuka, akapita maduka ya vitenge, akaingia nyumba ya mganga mmoja aliyejulikana kwa kutoa vitu mwilini. Nikakaa kwenye kibanda cha muuza mandazi kungoja. Alipotoka alikuwa anafunga vifungo vya blauzi, uso umemvimba kwa kulia, na ameshika kifurushi cha gazeti. Nikarudi nyumbani nikiwa na hakika sasa: amechanjwa dawa ya kumroga Mama mkubwa.

Nilimwambia Mama mkubwa kila kitu wakati wa kupaka mafuta. Alisikiliza macho ameyafumba. "Namwinga analia?" akauliza. "Nimemwona kwa macho yangu." Akanisogezea bega nilipake. "Basi mtazame," akasema, "lakini usimwambie mtu mwingine." Sikuelewa kwa nini hakukasirika.

Mkono ulianza kuvimba wakati wa mavuno. Madereva walikuwa wengi, mimi nilishikwa na malaria, na Mama mkubwa akanyanyua sufuria ya maharage kwa mikono miwili mara moja, na mara nyingine, na nyingine. Pete ikawa haitoki. Kisha kiganja kikatuna, kisha mkono wote ukawa mzito na unang'aa, ukiubonyeza kidole kinaacha shimo. Alirudi kwenye mto, bendeji na mafuta, na ukapungua kidogo asubuhi ukaongezeka jioni. Baba mkubwa aliporudi akauona, akashika kichwa. Na Shangazi Namwinga, ambaye alikuwa anakata vitunguu, akasema bila kuinua uso, "Kuna mtu ng'ambo anaweza kutoa hayo maji."

Mganga alikuja mchana kweupe, mtu msafi mwenye koti, akakalishwa kwenye kiti kizuri na kupewa chai. Aliutazama mkono, akasema ni damu mbaya iliyofungiwa na moto wa Dar, ipewe mlango itoke. Akafungua kitambaa, ndani mna pembe na wembe. "Hapana," alisema Mama mkubwa. "Mkono huu umekatazwa wembe." Baba mkubwa akasema, "Melina, hao waliokukataza wako wapi sasa? Wako Dar. Mimi ndiye ninayekuona ukioza." Sikuwahi kumsikia akizungumza hivyo, na leo nadhani ni woga, si ukatili. Mama mkubwa akajivuta ukutani. Hapo ndipo Shangazi alipomshika bega na kusema maneno ambayo sijayasahau: "Chale moja tu, wifi. Jaribu kidogo tu, tuone."

Tuone. Nani aone? Nimelitafuna neno hilo miaka yote. Mganga alikuwa na mkono mwepesi. Mama mkubwa alipojipindua kujitoa, wembe ulikuwa umeshapita juu ya kifundo cha mkono, mchano mfupi usiozidi kucha. Nilimrukia mganga nikammwagia chai, pembe ikaanguka, Baba mkubwa akanivuta nyuma kwa gauni. Yakatoka matone ya damu na maji kidogo, basi. "Umeona?" mganga akamwambia Shangazi. "Yameanza kutoka." Naye Shangazi aliinama karibu kabisa na ule mkono akautazama, si kama anayefurahi, bali kama mtu anayesubiri kitu kipikwe.

Haikupita muda mkono ukawa mwekundu mpaka kiwikoni, moto kama chungu, na Mama mkubwa akaanza kutetemeka chini ya mablanketi na kumwita marehemu bibi yangu. Baba mkubwa alimpakia kwenye lori lake mwenyewe, akaacha mzigo wa watu mpakani, akatukimbiza hadi hospitali ya misheni upande wa Mbozi. Njia nzima alisema neno moja tu, "Mke wangu," tena na tena, kama anayelijaribu. Waliutundika mkono juu, wakampa dawa ya sindano kwenye mkono wa pili, na daktari akatuuliza ni nani aliyechanja. Akatueleza kwamba mkono wa namna ile hauna walinzi. Mdudu akiingia kwa tundu dogo anakuta nyumba tupu. Mama mkubwa alipona homa. Lakini mkono haukurudi tena kuwa sawa na mwenzake, na alama za mkaa ukutani, zilizokuwa zimefika usawa wa paji la uso, zikaanza upya kutoka chini.

Nilitaka Shangazi afukuzwe. Mama mkubwa alikataa, na hakutoa sababu. Tukaendelea kula sahani moja, watatu, mimi nikisubiri Shangazi atie tonge kwanza mdomoni. Naye aliliona hilo. Siku moja alichukua tonge kutoka upande wangu wa sahani, akalichovya kwenye mboga yangu, akalila polepole akinitazama. "Umeridhika?" akaniuliza. Nikala.

Kisha wateja wakapungua. Mwanzo nilidhani ni msimu. Halafu dereva mmoja wa Zambia, mtu mzima aliyekuwa akila kwetu kila safari, akasimama mlangoni bila kuingia akaniuliza kwa huruma, "Ni kweli Bamayo walimpima ngozi?" Ndipo nikajua. Mjini walikuwa wanasema Melina hakwenda hospitali yoyote; alipelekwa kwa wachuna ngozi, wakamchorea kalamu, wakaanza kumuunguza ili ngozi ibanduke vizuri, wakamwachia arudi kwa masharti kwamba awaletee watu wengine, na kwamba ndiyo maana ana mgahawa karibu na malori. Walijua juu ya mraba. Walijua juu ya kona na vidoti vya bluu. Walijua hata juu ya risasi, isipokuwa mdomoni mwao ilikuwa risasi ya bunduki. Aliyeuona mraba ule, ukiniondoa mimi, alikuwa mmoja.

Walikuja saa tisa alasiri, umati wa kujaa barabara, vijana wa magulio mbele, wanawake nyuma yao, na mwenyekiti wa mtaa katikati akijaribu kuonekana kama ndiye aliyewaita. Mbele ya wanawake alikuwa Mama Rehema, jirani yetu aliyeuza dagaa, mtu tuliyekopeshana naye chumvi. Kijana mmoja alishika mti wa kufungia turubai akautikisa. Baba mkubwa alikuwa Kongo. Nilifunga mlango wa ukumbi kwa mgongo wangu, na nikamsikia Shangazi nyuma yangu akisema, "Mwe! Mwe! Nimefanya nini," kwa sauti ndogo isiyokuwa yake. Mama mkubwa akanisogeza, akafungua mlango mwenyewe. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Mwenyekiti, shikamoo," alisema. "Hawa wamekuja kula?"

"Marahaba, mama. Wamekuja kuuliza. Wanasema una alama mwilini."

"Ninazo."

Kelele zikapanda. Akangoja zikashuka. "Wanaume wabaki hapo walipo. Wanawake wote wanaotaka kuona waingie chumbani kwangu. Ila atakayeingia anawe mikono kwanza, kwa sababu mimi sitakiwi kupata uchafu." Hakuna aliyetarajia kuambiwa anawe mikono. Nikatoa ndoo. Mama Rehema akanawa, na wengine wakafuata, wakapanga mstari kama wateja. Walipojaa chumbani mpaka kitandani, Mama mkubwa akafungua blauzi. Nasikia mpaka leo zile pumzi zilizovutwa kwa pamoja. Hakuharakisha. "Hapa palikuwa na titi," alisema. "Lilikuwa na kivimbe kama punje ya karanga, mimi nikakaa nacho kwa aibu mpaka kikawa kama limau. Wakalikata. Hapa ndipo walipopiga mionzi ili mizizi iliyobaki ife. Kalamu ni ya kupimia mashine isikosee njia. Risasi ni madini, waliiweka hapa juu ya moyo ili usiungue. Na huu mkono umevimba kwa kazi, na kwa wembe." Hakumtazama Shangazi aliposema wembe. Akawaonyesha ukuta. Akaweka vidole chini, akavipandisha mbele yao, jasho likimtoka, mpaka vikagoma usawa wa shingo. "Anayenunua ngozi," akasema, "angeninunua mimi hivi?" Mama Rehema alianza kulia. Mwanamke mmoja mzee akasogea, akagusa ukingo wa mraba kwa ncha ya kidole, akasema "Pole, mwanangu," kwa Kinamwanga. Wakatoka mmoja mmoja. Nikamsikia Mama Rehema huko nje akiwafokea vijana waondoke mlangoni, kana kwamba walikuja wenyewe.

Shangazi hakutoka. Alibaki kwenye kona, nyuma ya mlango, mikono ameikunja kifuani. "Subilaga, funga mlango," akasema. Nikaufunga, lakini nilibaki ndani, kwa kuwa sikutaka kumwacha peke yake na Mama mkubwa. Akatazama sakafu. "Wifi, si mimi niliyesema mambo ya ngozi. Mimi nilimuuliza tu Mama Rehema kama mtu aliyeungua hivyo anaweza kuishi. Nilimwelezea palivyo. Hayo mengine wameongeza wao." Mama mkubwa akawa anafunga vifungo kwa mkono mmoja. "Na kwa nini ulitaka kujua?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye tayari anajua. Shangazi akamshika ule mkono mzima, akauingiza ndani ya blauzi yake, upande wa kulia. Sikuona uso wa Mama mkubwa. Niliona bega lake likitulia. "Tangu lini?" "Kabla sijaja. Nilimwambia kaka nije nikusaidie, nikasema moyoni nitatazama. Ukipona, na mimi nitakwenda. Ukifa, nitajua ni bure." Akajipangusa pua kwa kiganja. "Huyo wa ng'ambo alinipa dawa, haikufanya kitu. Nikasema labda inamfaa aliyekwisha kupigwa moto."

Basi hapo ndipo lilipo swali langu. Alitaka kumponya wifi yake, au alitaka kuona kwanza wembe unavyofanya kazi kwenye mwili wa mwingine? Wakati mwingine nikiwa peke yangu namsamehe kabisa. Nina umri aliokuwa nao yeye wakati huo, na mimi pia hujishika bafuni na moyo unasimama mpaka vidole vimalize mzunguko. Najua jinsi woga unavyoweza kumfanya mtu atazame jeraha la mwenzake na kuona bahati yake mwenyewe. Kisha nalikumbuka lile neno, tuone, na jinsi alivyoinama juu ya damu, na msamaha unaondoka. Mama mkubwa hakulichambua hilo. Siku ile alimwambia tu, "Kesho tunaanza safari. Mimi nilikaa nacho, wewe hutakaa."

Haikuwa kesho, ila haikuchelewa. Baba mkubwa aliporudi, aliambiwa mbele ya chakula, akaacha tonge sahanini, akatoka nje akasimama kando ya lori lake muda mrefu. Mama mkubwa na Shangazi waliondoka kwa treni. Niliwasindikiza stesheni nikiwa nimebeba kikapu cha chakula chao: viazi, mayai ya kuchemsha, kuku wa kukaanga. Mama mkubwa alikuwa na mkono wake ndani ya bendeji, akishikilia mlango kwa mkono wa kulia, na Shangazi alikuwa amejifunika kitenge mpaka puani kama mtu anayevukishwa kwa siri. Walipata viti vya kutazamana kando ya dirisha. Nikasikia Shangazi akiuliza huko ndani, kwa sauti kubwa iliyowageuza abiria, "Hiyo kalamu ya zambarau, wanakuchora mbele ya wanaume?" "Mbele ya kila mtu." "Na ukikataa?" "Hutakataa." Akatazama nje, akaniona, akarudisha macho ndani.

"Melina, nakwambia mapema. Nikiona mnanidanganya, nashuka Makambako."

"Shuka," alisema Mama mkubwa, huku akimenya yai. "Mimi nitakwenda mpaka Dar na kumwambia daktari titi lako limebaki Makambako, aje alifuate."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona Shangazi Namwinga akicheka, mdomo wazi, mkono juu ya kifua upande wa kulia, na alikuwa bado anacheka, au analia, sikuweza kutofautisha, treni ilipoanza kuvuta.